Maziwa yamelala na unawaza upasuaji? Soma hii kabla hujakata tiketi ya Dar

Nimeamua kuandika kwa sababu maswali ni yaleyale, iwe Mtwara mjini, Masasi, Nachingwea au hapa Lindi. Dada anasubiri wenzake watoke ndo anaongea kwa sauti ya chini, nesi, maziwa yangu yamelala, nikaweke silikoni? Wengine wanaruka moja kwa moja kwenye bei. Na hela ya korosho ikishaingia ndo maswali yanazidi, mtu ana pesa mkononi na picha ya msanii kwenye simu, anachotaka ni kuambiwa aende wapi.

Mi nasema silikoni, yaani ile mifuko inayowekwa ndani ya titi kulikuza, sio swali la kwanza. La kwanza ni chuchu yako iko wapi ukilinganisha na ule mkunjo wa chini ya titi, na la pili ni je, ujazo ulionao unakutosha? Ukishajibu hayo mawili kwa ukweli, operesheni zinazokufaa zinabaki moja au mbili, na hata ukikutana na mtu anayeuza alichonacho hatakuyumbisha.

Titi kulala sio ugonjwa, hilo ulijue kabisa. Anayetaka kurekebisha asionewe aibu, na ambaye yupo sawa na mwili wake asisukumwe na mtu. Kama anayelalamika ni mume peke yake na wewe moyoni huna tatizo nayo, tafadhali usilale kwenye kitanda cha upasuaji kwa ajili hiyo.

Kidogo tu kuhusu kwanini yanalala

Ngozi na nyuzi za ndani zinazoshikilia titi zikishavutika hazirudi, ni kama lastiki ya sketi iliyochoka. Kinachozivuta ni mimba, umri, kunenepa na kukonda, sigara, na matiti makubwa yenyewe kwa uzito wake. Kunyonyesha kunasingiziwa bure, waliochunguza jambo hili wamekuta mimba ndo zinazochangia sio mtoto kunyonya, kwaiyo mama mwenye kichanga usimkatishe mwanao ziwa kwa kuogopa hilo.

Mazoezi ya kifua yanakuza msuli ulio nyuma ya titi, ngozi haipandi. Krimu, mafuta ya kusugua, vikombe vya kuvuta, hivyo vyote hela inapotea tu. Ila sindano za "kusimamisha" zinazochomwa saluni au nyumbani kwa mtu hizo sio kupoteza hela tu, hizo zinaharibu titi kabisa, zinaleta usaha, vinundu vigumu, nyama kuoza. Usikubali hata kama aliyekuelekeza ni shoga yako wa damu.

Kabla hujaanza uwe na hivi

- kioo kikubwa na chumba chenye mwanga, peke yako
- rula, na tepu ya fundi cherehani
- daftari la kuandika vipimo na maswali yako
- orodha ya dawa zote unazotumia, za hospitali, za majira na za kienyeji
- historia ya saratani ya matiti kwenu, kwa mama, bibi, mama wadogo, dada, na upande wa baba pia
- mtu mmoja wa kukusindikiza na kukaa na wewe, mtu anayejua kutunza siri

Hatua ya 1. Angalia kama wakati umefika

Kama unanyonyesha au una mpango wa kubeba mimba karibuni, subiri. Baada ya kuacha kunyonyesha lipe titi angalau miezi sita litulie, maana linaendelea kupungua na kubadilika umbo, ukipasua mapema unapasua kitu ambacho bado hakijafika mwisho wake. Mimba nyingine baada ya operesheni inaweza kuyaangusha tena na hela yako ikaenda na maji. Uzito pia uwe umetulia miezi sita hivi, kama uko katikati ya kupungua malizia kwanza.

Sigara unaacha angalau wiki nne kabla na wiki nne baada, na ugoro vilevile, usiseme "mi sivuti nanusa tu". Nikotini inabana mishipa ya damu, chuchu inakosa damu na inaweza kufa. Nasema kufa maana ndo inavyokuwa, inageuka nyeusi na kuoza. Daktari ukimficha hili unajiumiza mwenyewe.

Na binti ambaye matiti yake bado yanakua, hapana. Matiti hayalingani umbo tangu kuumbwa, sio kila mtu kaumbiwa chuchu saa sita.

Hatua ya 2. Jipime mbele ya kioo

Vua juu, simama wima, mikono iache ining'inie. Weka rula chini ya titi kwa kuilaza, iguse pale titi linapoungana na kifua, huo ndo mkunjo. Sasa angalia kwenye kioo chuchu iko usawa gani na rula.

Chuchu iko usawa wa mkunjo au karibu sana nao, umelala kidogo. Iko chini ya mkunjo kwa sentimita 1 mpaka 3, umelala wastani. Imeshuka zaidi ya sentimita 3 au inatazama sakafu, umelala sana. Kuna aina nyingine inachanganya watu, chuchu ipo juu ya mkunjo vizuri tu ila nyama ya chini ndo inaning'inia na juu pamekuwa patupu, hii mara nyingi ni ujazo umepungua.

Pima kila titi peke yake na uandike. Kutofautiana ni kawaida kabisa, karibu kila mwanamke ana moja kubwa au lililoshuka kuliko mwenzake. Kosa kubwa hapa ni kujipima ukiwa umevaa sidiria, au kujipima umeinua mikono, mikono ikipanda titi nalo linapanda unajidanganya.

Hatua ya 3. Amua kuhusu ujazo

Vaa sidiria inayokutosha vizuri halafu jiangalie. Ukiwa ndani ya sidiria unaridhika na ukubwa, basi ujazo unao, shida yako ni mahali titi lilipokaa. Ukiona hata ndani ya sidiria hayajai, kikombe kinabaki na nafasi, shida ni ujazo pia. Na kama sidiria inakukata mabega, shingo na mgongo vinauma, chini ya titi kuna vipele na fangasi kila joto likipanda (na joto la huku pwani mnalijua), basi shida yako ni uzito na unatakiwa kufikiria kupunguza, tena mwambie daktari hizo dalili zote maana hapo tumetoka kwenye urembo tumeingia kwenye matibabu.

Hatua ya 4. Sasa linganisha na operesheni zenyewe

Hapa usiharakishe, soma mara mbili.

*Kuinua matiti.* Daktari anatoa ngozi iliyozidi, anaipanga nyama upya, anapandisha chuchu juu ikiwa bado imeshikana na mishipa yake. Haiongezi ukubwa, na watu wengi wanaona titi kama limepungua kidogo kwa sababu limekusanyika. Hii ndo ya mtu ambaye chuchu imeshuka na ujazo anao. Kwa mama wengi waliozaa watatu wanne ninaoongea nao jibu liko hapa, ila wao walikuja wakiuliza silikoni.

*Silikoni peke yake.* Inaongeza ujazo, HAIINUI. Naomba hili likae kichwani. Ikiwekwa kwenye titi ambalo chuchu imeshuka chini ya mkunjo, unapata titi kubwa lililolala, au silikoni inakaa juu na titi lako linaning'inia mbele yake kama vitu viwili tofauti. Inamfaa mwenye chuchu iliyo juu ya mkunjo au usawa wake tu na ujazo umepungua. Na ukichagua kubwa sana uzito wake unavuta ngozi chini tena.

Pia silikoni sio kitu cha maisha. Inaweza kupasuka, mwili unaweza kutengeneza ganda gumu kuizunguka titi likawa gumu na kuuma, na wengi mbele ya safari wanarudi kwenye operesheni ya kubadilisha au kutoa. Mamlaka ya dawa ya Marekani inashauri zilizojaa jeli ya silikoni zipigwe MRI au ultrasaundi miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekwa, halafu kila miaka 2 hadi 3, kwa sababu ikipasuka ndani unaweza usihisi chochote. Kwaiyo ukipiga hesabu ya bei piga na hiyo. Zipo pia za maji ya chumvi, hizo zikipasuka unajua kwa sababu titi linasinyaa.

Zile zenye ganda la kukwaruza zimehusishwa na saratani ya nadra ya mfumo wa kinga inayoanzia kwenye ule utando ambao mwili unautengeneza kuizunguka silikoni, na mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni dunia nzima silikoni zake za aina ya Biocell. Uliza unawekewa aina gani, laini au ya kukwaruza, na udai kadi yenye jina la kampuni na namba ya kifaa. Kadi hiyo usiipoteze.

*Kuinua pamoja na silikoni.* Ni kwa aliyeshuka na pia hana ujazo. Matokeo yanaweza kuwa mazuri ila ndo operesheni inayorudiwa zaidi kuliko kila moja ikifanywa peke yake, kwa sababu unakaza ngozi na hapohapo unaijaza. Madaktari wengine wanagawa mara mbili, wanainua kwanza, wanasubiri miezi kadhaa, ndo wanaweka. Daktari akikushauri mara mbili usidhani anataka kukuvuna hela.

*Kupunguza.* Inatoa uzito na papo hapo inainua, kwaiyo mwenye matiti makubwa yaliyoshuka haitaji operesheni mbili. Uwezo wa kunyonyesha unaweza kupungua, na hisia za chuchu pia. Hilo linaweza kutokea hata kwenye kuinua, ila kwenye kupunguza ndo zaidi.

*Kuhamisha mafuta.* Wanavuta mafuta tumboni au mapajani wanayachoma kwenye titi. Inaongeza kidogo, sehemu ya mafuta mwili unayanyonya tena, na haiinui. Yanaweza kuacha vinundu, kwaiyo kila ukipimwa titi mbele ya safari mwambie mpimaji uliwahi kuweka mafuta.

*Kutofanya operesheni.* Hili ni chaguo kamili. Sidiria yenye mkanda mpana na kikombe cha saizi yako inabadilisha muonekano ukiwa umevaa, na kama ulichokuwa unataka ni gauni likae vizuri kwenye sherehe, umemaliza hapo.

Hatua ya 5. Angalia makovu, hasa ngozi yetu

Kuinua hakuna bila kovu. Aliyelala kidogo anaweza kukatwa kuzunguka weusi wa chuchu tu, wa wastani anaongezewa mstari wa kushuka mpaka kwenye mkunjo, aliyelala sana anaongezewa na mstari wa kulala ndani ya mkunjo, inakuwa umbo la nanga. Watu wanalazimisha kovu dogo wakati titi limeshuka sana, matokeo yake weusi wa chuchu unatanuka na titi linakuwa bapa.

Ngozi nyeusi inaota makovu yanayovimba kirahisi zaidi. Jikague, sikio ulipotoboa pamevimba? Kovu la chanjo begani limeinuka? Kovu la operesheni ya uzazi je? Na kwenu kuna mtu mwenye makovu ya hivyo? Kama jibu ni ndio mwambie daktari siku ya kwanza, usisubiri akuulize. Na usiangalie picha za watu weupe tu, omba picha za wagonjwa wake wenye ngozi kama yako, na ziwe za mwaka mmoja baadaye, kovu la mwezi mmoja halikuambii kitu.

Hatua ya 6. Fanya vipimo huku huku

Kabla ya kutoa hela ya nauli nenda ukapimwe titi. Mwenye miaka 40 na kuendelea mamografia (eksirei ya titi), mdogo zaidi mara nyingi ultrasaundi. Mtwara anzia hospitali ya Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Lindi nenda hospitali ya Sokoine, walio karibu na hospitali za Ndanda au Nyangao waulize pale, na kama kipimo fulani hakipo siku hiyo watakuelekeza. Uvimbe wowote, chuchu iliyoingia ndani ghafla, damu kwenye chuchu, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, hapo urembo unasimama kwanza mpaka ijulikane ni nini.

Pima pia wingi wa damu, sukari, presha, na kama kwenu kuna selimundu sema. Wenye kutumia dawa za VVU msiache dawa kwa ajili ya operesheni, mwambieni daktari tu. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni zinaongeza kutoka damu, na dawa za kienyeji nyingine hivyohivyo, uliza uziache lini. Vidonge vya majira navyo vitaje kwa sababu vinaongeza hatari ya damu kuganda.

Hatua ya 7. Tafuta daktari, sio tangazo

Unayemtaka ni daktari bingwa wa upasuaji rekebishi (plastic surgeon). Kwa hospitali za serikali Muhimbili ndo pa kuanzia kuuliza, na Mloganzila wamekuwa wakifanya upasuaji wa urembo pia. Zipo na za binafsi Dar. Jina la daktari unaweza kuulizia Baraza la Madaktari Tanganyika kama amesajiliwa na ni bingwa wa nini. Mtu anayekutumia mesej za ofa ya mwisho wa mwezi na hataki kutaja jina la daktari, achana naye.

Muulize hivi ukiwa mmekaa:
- chuchu yangu imeshuka daraja gani, na kwanini umechagua operesheni hii na sio ile?
- makovu yatakaa wapi, nichoree
- nusu kaputi anatoa nani, na yupo mpaka naamka?
- nikipata tatizo nikiwa nimesharudi Mtwara namuona nani?
- nikihitaji kurudiwa nalipa upya?

Ukipima Hatua ya 2 vizuri utajua kama jibu lake la kwanza linaendana na ulichoona kwenye kioo. Yakipishana muombe akuelekeze kwenye kioo, daktari mzuri hakasiriki.

Hatua ya 8. Bei

Sikutajii namba maana inabadilika kwa hospitali na kwa operesheni. Ila bei unayopewa iulize kipande kipande: daktari, chumba cha upasuaji, nusu kaputi, kulala, vipimo, silikoni zenyewe, sidiria ya baada ya operesheni, marudio. Ongeza chumba Dar kwa wewe na msindikizaji, chakula, nauli. Bima kwa urembo usitegemee. Kama ni kupunguza kwa sababu ya maumivu, uliza, ila usipange bajeti ukihesabu hiyo.

Na usimalize hela yote ya msimu hapo, bakiza ya dharura. Kuna watu wanatibiwa vizuri halafu wanashindwa kurudi kubadilishwa bandeji ya kidonda kwa kukosa nauli, inaniuma sana.

Hatua ya 9. Wiki za mwanzo na safari ya kurudi

Operesheni ni masaa mawili mpaka manne hivi, wengine wanaondoka siku hiyohiyo wengine wanalala usiku mmoja. Usipande basi kesho yake! Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, kukaa umekunja miguu siku nzima baada ya nusu kaputi damu inaweza kuganda mguuni na kipande kikakimbilia kwenye mapafu. Kaa Dar wiki mbili hivi mpaka daktari akuangalie na akuruhusu. Siku ya safari kunywa maji, basi likisimama Nangurukuru shuka utembee, na mkanda wa basi weka kitambaa laini katikati yake na kifua.

Lala chali. Sidiria ya daktari unavaa usiku na mchana kwa muda atakaosema, mara nyingi wiki nne mpaka sita. Kwa wiki sita hamna ndoo kichwani, hamna kutwanga, hamna jembe, hamna kubeba mtoto mgongoni wala kupanda bodaboda kwenye barabara ya mashimo. Ndo maana nawaambia wakulima msipange ikaangukia wakati wa kuokota korosho, na kama unaweza chagua Juni au Julai, joto limepungua, hutoki jasho chini ya titi na kidonda kinakauka vizuri.

Ikitokea hivi, fanya hivi

*Titi moja limevimba ghafla kuliko jingine, gumu, linauma sana siku za mwanzo.* Inawezekana damu imejikusanya ndani. Hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku.

*Chuchu inakuwa ya bluu au nyeusi.* Hospitali sasa hivi.

*Homa, wekundu unaosambaa, usaha, harufu.* Hospitali siku hiyohiyo, usimwage unga wa vidonge kwenye kidonda, usipake asali wala majani.

*Mguu mmoja umevimba na kuuma, au pumzi inabana na kifua kinachoma.* Dharura, sema wazi kwamba umefanyiwa operesheni na umesafiri.

*Kidonda kimefunguka kidogo pale mistari inapokutana chini.* Hii inatokea mara nyingi, kawaida inajifunga kwa kusafishwa vizuri. Mpigie daktari, mtumie picha, nenda kwenye zahanati au kituo cha afya wakusafishe na wakufunge bandeji.

*Chuchu haina hisia.* Subiri, wengi inarudi ndani ya miezi kadhaa mpaka mwaka, wachache hairudi.

*Moja liko juu kuliko jingine, au juu pamejaa sana.* Mwezi wa kwanza usihukumu, uvimbe hauishi sawa pande zote. Umbo halisi unaliona miezi mitatu mpaka sita.

*Kovu linawasha na kuinuka.* Rudi mapema, kuna sindano na karatasi za silikoni za kubandika zinazosaidia likiwa bado changa. Ukisubiri mwaka kazi inakuwa ngumu.

*Una silikoni, miaka imepita, titi limevimba upya au limebadilika umbo.* Usikae nalo. Nenda na ile kadi, waambie una silikoni ya aina gani na uliwekewa mwaka gani, waombe ultrasaundi na kama kuna maji yamejikusanya yatolewe yapimwe.